Mgongo wa Kagunga: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Asubuhi ya siku za giza, yaani za usiku usio na mbalamwezi, boti zikiwa zimerudi na dagaa, ufuko wa Kagunga hung'aa kama umemwagiwa fedha. Shangazi yangu hushuka na mabeseni yake, huyamwaga mchangani, kisha huinama. Siku moja nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikamtazama kwa makusudi, saa mkononi. Ndani ya dakika 10 aliinuka mara mbili tu, na mara zote mbili mkono ulikimbilia kiunoni. Magoti yalikuwa yamekakamaa, mgongo umepinda kama ndoana, vidole vinasambaza dagaa ili mmoja asimlalie mwenzake.

"Shikamoo shangazi. Kiuno kinaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Kiuno si changu tena, ni cha dagaa."

Kiuno hicho kimekula fedha nyingi. Kuna vidonge vya dukani, sindano, mshipi mpana mweusi ulionunuliwa mjini, na godoro jipya. Vyote vimelipwa kwa fedha za dagaa walewale wanaompinda. Kila nikirudi nyumbani nakuta hesabu hiyo hiyo katika kaya nyingine, ndiyo maana naandika. Mwenye fedha kidogo na mgongo unaouma aanze kununua nini?

Kagunga iko kaskazini kabisa mwa mwambao wa Kigoma, mpakani na Burundi, imebanwa kati ya milima mikali na ziwa. Watanzania wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza Mei 2015, pale maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukoni na meli ya Liemba ikawa inawapeleka Kigoma kwa awamu. Sisi wa huku tunaijua kwa jambo jingine: karibu kila kitu hupita juu ya mwili wa mtu. Maji ya ziwani, kuni za mlimani, mikungu ya michikichi, mizigo ya boti. Toroli huzama mchangani na baiskeli haipandi njia za mlimani. Kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, misafara ya Ujiji ilibebwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi kichwani au begani. Kwa mkaaji wa Kagunga habari hiyo haijawa historia.

Kabla ya bei, tuelewane mwili unavyofanya kazi, kwani asiyejua hilo huuziwa chochote. Kila mvuvi anajua kwamba kasia likishikwa karibu na maji ni jepesi, na likishikwa mwishoni kabisa hutesa mkono. Uti wa mgongo ni hivyohivyo. Misuli inayoushikilia imejishikiza karibu nao sana, sentimita 5 hivi nyuma ya kitovu cha pingili. Ukishika ndoo ya kilo 20 ikiwa sentimita 50 mbele ya uti, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu mara 10 ya mzigo, yaani sawa na kilo 200. Ukiivuta ndoo ile ile mpaka sentimita 25, ikagusana na tumbo, nguvu inashuka hadi nusu. Hujalipa senti. Tena hapo sijahesabu uzito wa kichwa, mikono na kifua, ambavyo navyo hutundikwa mbele mtu anapoinama. Kwa hiyo shangazi anayesambaza dagaa wadogo wasio na uzito wowote bado anabeba mzigo mkubwa: nusu ya mwili wake mwenyewe, kwa saa nzima.

Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu ushauri wa mgongo mara nyingi huishia kwenye "kunja magoti, nyoosha mgongo" na mgonjwa akaachwa hapo. Watafiti wa Finland walikusanya majaribio ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo, wakachapisha matokeo mwaka 2008: mafunzo peke yake hayakupunguza maumivu ya mgongo. Mwaka 2016 uchambuzi mwingine wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba mazoezi yakiunganishwa na elimu hupunguza uwezekano wa mgongo kuuma. Mimi nasoma hivi: maneno hayatoshi. Ni lazima kazi yenyewe iinuliwe kutoka chini, na mwili uongezwe nguvu. Manunuzi yote nitayapima kwa vigezo hivyo viwili.

Tuanze na mshipi, maana ndio unaotamaniwa kuliko vyote. Unaonekana, unabana, na mtu akiufunga anajisikia ameshikiliwa. Mimi mwenyewe niliununua katika duka moja la mjini, nikaambiwa niuvae kutwa kwa miezi 3 na mgongo utapona. Mwezi wa pili nikiuvua nilijiona kama nyumba iliyotolewa nguzo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mishipi ya kiuno imo katika orodha ya vitu lisivyovipendekeza kama tiba ya kawaida. Haipunguzi urefu wa kuinama wala haiongezi nguvu. Fedha yake ibaki mfukoni.

Vidonge ni hatari zaidi kwa sababu ni rahisi. Diklofenaki na ndugu zake hutuliza kweli, na mwongozo huohuo unakubali dawa za kundi hilo, ila kwa uangalizi. Zikimezwa kila asubuhi ya kazi, mara nyingi bila chakula, hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuchosha figo. Watu wa umri mkubwa kama shangazi yangu ndio wanaoumizwa zaidi. Vidonge mchanganyiko vinavyofungwa katika karatasi bila jina usivikubali kabisa, kwa kuwa hujui kilichomo. Na tuitazame fedha, kwa mfano wa hesabu tu: anayetumia shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku 20 za giza kwa mwezi, anatoa 20,000. Kwa miezi 9 ya uvuvi ni 180,000. Mwaka ukiisha dagaa bado wako mchangani na yeye bado ameinama. Kidonge kina mahali pake, siku mbili tatu za maumivu makali, ili mtu aweze kutembea na kuanza mazoezi.

Kukandwa ni jambo jema. Mikono ya bibi anayejua kuchua kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, hulegeza misuli iliyokaza, na kuchuliwa nako kumo katika orodha ya yale mwongozo ule unayoyakubali. Faida yake hudumu siku chache, basi ilipe kama unavyolipia mapumziko. Hijama, yaani kuumikwa, inayopendwa sana Ujiji, wapo wanaosema imewapa nafuu. Anayekwenda ahakikishe wembe unafunguliwa mbele ya macho yake, kwa sababu wembe uliotumiwa huleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Godoro nalitenga kwa sababu ndilo liwazo ghali kuliko yote. Tumeaminishwa kwamba mgongo mbovu hutaka godoro gumu kama ubao. Jaribio lililofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 2003, likiwa na watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, lililinganisha godoro gumu na la ugumu wa kati kwa siku 90. Waliolalia la ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo usiongeze fedha kwa ajili ya ugumu. Kama godoro lako halijabonyea katikati ukalala kama ndani ya mtumbwi, liache lilivyo. Kama limebonyea, kaza kwanza kamba za kitanda au rekebisha chaga zake, halafu ndipo ufikirie la inchi ngapi.

Sasa nije kwenye manunuzi ninayoyaamini.

La kwanza ni kichanja. Anika dagaa juu ya meza ya miti iliyotandazwa wavu, badala ya mchangani. Ng'ambo ya mpaka, mwambao wa Burundi, mradi wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 2004 ulihimiza vichanja vya kimo cha mita moja hivi. FAO ilieleza kwamba muda wa kukausha ulishuka kutoka siku 3 hivi hadi saa 8, kwa kuwa hewa hupita juu na chini ya samaki. Vichanja husifiwa kwa sababu ya ubora: dagaa hawana mchanga, hawalowani mvua ikinyesha ghafla kwani hufunikwa haraka, na kuku na mbuzi hawawafikii. Mimi navisifu kwa sababu ya kiuno. Kitu hiki kimoja kinamwinua mtu kutoka kuinama kabisa hadi kusimama wima, asubuhi nzima, bila kumfundisha chochote.

Gharama yake ni nguzo, fito, misumari na wavu. Katika kijiji cha wavuvi wavu chakavu wa dagaa hupatikana kwa ndugu. Wavu mpya au waya wa matundu madogo ni ghali zaidi lakini haulegei. Kama fedha inatosha upande mmoja tu, itie kwenye wavu, si kwenye nguzo nene. Vipimo ndivyo vinavyoharibiwa na wengi. Kimo kizuri ni kiganja kimoja chini ya kiwiko cha anayekitumia, naye amesimama. Upana usizidi sentimita 120, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kulala juu ya wavu. Nimeona kichanja kipana cha mita 2, kizuri kwa macho, na wanawake wakikiinamia vibaya kuliko mchanga. Urefu ni wowote ule, kadiri ya dagaa ulionao.

Na tofauti yake na mshipi ni kwamba kichanja hujilipa. Dagaa safi asiye na mchanga ana bei yake, na mnunuzi wa mjini humtambua kwa jino la kwanza.

Baada ya kichanja, tazama vyombo vya maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na uzito wa ndoo juu yake. Watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya walichapisha mwaka 1986 jambo lililoshangaza dunia: mwanamke aliyezoea aliweza kubeba kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo na kuikatia hapo. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya 20 inavuka mpaka huo mbali sana, na hapo mwili hulipa. Utafiti wa baadaye Afrika Kusini, kwa wanawake wa Kixhosa, mwaka 2010, haukuona nafuu hiyo kwa wote, na wengi walilalamikia shingo. Kwa hiyo ukinunua ndoo mpya ya kichwani, nunua ya lita 10, hata kama safari zinaongezeka, na ngata iwe nene, ya kanga iliyosokotwa sawasawa. Msichana anayekua asipewe ya 20 kabisa. Najua umbali wa mlima na najua safari mbili ni muda, lakini maji yako pale pale ufukoni, na shingo iliyokwisha haiuzwi dukani.

Kwa anayebeba mkononi kuna jambo zuri zaidi. Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima mwaka 2013 mzigo wa mkono mmoja na wa mikono miwili. Kilo 30 upande mmoja ziliukandamiza uti wa mgongo kuliko kilo 30 kila upande, yaani 60 kwa jumla! Mzigo wa upande mmoja hulazimisha misuli ya ubavu wa pili ivute kwa nguvu zote kukuzuia usipinduke, na uti hubanwa katikati. Hivyo madumu mawili ya lita 10 ni bora kuliko dumu moja la 20, na tofauti ya bei si kitu.

Mpini wa jembe nao ni wa kuchagua, na mara nyingi haugharimu chochote zaidi ya panga na mti. Mpini mfupi humlazimisha mtu ainame hadi chini kwenye matuta ya muhogo na mahindi. Ongeza urefu kidogo kidogo mpaka uone mgongo umeinuka huku jembe bado linakutii. Kwenye mteremko mkali mpini mrefu mno hupoteza nguvu ya pigo, kwa hiyo usichukue kipimo cha mtu wa bondeni.

Liko jambo moja ambalo mnunuzi mmoja hawezi kulimaliza kwa mfuko wake, nalo linanikera. Wakala wa Vipimo umepambana miaka mingi na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mapambano hayo ni ya haki, yanalinda mfuko wa mkulima. Lakini anayelibeba je? Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka ukomo wa kilo 55 kwa mwanamume mzima. Kanuni ya wataalamu wa usalama kazini wa Marekani huanzia kilo 23, na hiyo ni pale mzigo ulipo karibu na mwili, kimo cha kiuno, bila kujipinda. Gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kipimo cha kwanza na zaidi ya mara nne ya cha pili, na vijana wetu hulipokea begani wakiwa wamesimama majini, boti ikichezacheza. Mfanyabiashara anayefunga dagaa wakavu au mawese anaweza leo kuchagua gunia la kilo 50 na dumu la lita 20. Atalipa vifungashio zaidi. Naomba alipe.

Mazoezi ndiyo ununuzi wa bei ya chini kuliko yote, na ndiyo wachache huyafanya. Kwetu ziwa limetupa kalenda. Mbalamwezi ikijaa dagaa hawafuati taa, wavuvi hupumzika. Tena mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwili uliolala kwa miezi 3 kisha ukaitwa ghafla kuvuta nyavu huumia. Miezi 3 hiyo hiyo inatosha kabisa kuujenga.

Anza na kuinama kwa nyonga. Shika kasia nyuma yako, liguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa makalio. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa hayo, kifua kishuke. Kasia likiachana na mwili sehemu moja, umepinda mgongo. Rudi juu, anza tena. Ukishalimudu, weka kasia chini ushike dumu la lita 5, halafu 10, halafu 20, likikaa karibu na miguu muda wote. Mara 8, pumzika, rudia mara 3, siku tatu kwa wiki. Ongeza kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga. Ongeza kukaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Na unapopokea mzigo kwenye boti, geuza nyayo zote mbili kuelekea unakoupeleka. Usikigeuze kiuno peke yake.

Fiziotherapia ni ghali kwa mtu wa Kagunga hata kama ada yake ni ndogo, maana kuna boti, malazi na siku zisizo na kazi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini. Ipange safari yako wakati wa mbalamwezi, ambapo siku haina mapato ya kupoteza, na ukifika mwambie mtaalamu waziwazi kwamba huwezi kurudi kila wiki. Mwombe mazoezi ya miezi miwili, uyafanye mbele yake mpaka aridhike. Safari moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kwenda mara tano kuchomwa umeme na kulala chini ya taa ya joto. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 mikoani ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Uliza ofisi ya kijiji kiwango cha sasa, na uulize kabla ya kusafiri kama fiziotherapia imo.

Wako wasiopaswa kungoja mbalamwezi wala kujaribu kichanja kwanza. Miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo au choo kikikataa kutoka au kutoka chenyewe, ganzi ikishika sehemu za siri, panda boti ya kwanza. Vivyo hivyo kwa maumivu yaliyokuja na homa, kukonda na jasho la usiku, kwani kifua kikuu huingia hadi kwenye uti wa mgongo. Na kwa sisi wa ziwani, kichocho nacho huweza kufika kwenye uti na kulegeza miguu.

Shangazi nilimpima mwezi uliopita. Alisimama wima mlangoni, nikashusha uzi kutoka kiwikoni hadi chini, nikapunguza kiganja kimoja, nikafunga fundo. Fundo likaja chini ya mita moja, maana yeye ni mfupi. Jirani yake mrefu alipoliona alisema kichanja hicho hakitamfaa. Ni kweli, hakitamfaa. Naye nikamkatia uzi wake.